Karatasi za Snow White na Cinderella: ziandikwe au zihifadhiwe?

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuachia neno lolote kuhusu siku ambayo daftari lenyewe litageuka kuwa mali. Siku hiyo imefika, mpenzi msomaji. Kuna watu duniani wanaokusanya madaftari, karatasi za barua, bahasha, postikadi, kadi na visanduku vya penseli vya zamani, almuradi viwe na picha za filamu za vibonzo zilizotokana na hadithi za kale: Snow White na vibeti wake saba, Cinderella na kiatu chake cha kioo, na yule binti mfalme wa Sleeping Beauty aliyedungwa kidole akashikwa na usingizi wa ajabu.

Najua wapo watakaoguna. Mtu mzima, tena mwenye akili timamu, anunue bahasha tupu ya mwaka 1950 kwa pesa ambazo zingetosha unga wa juma zima? Naam, wapo wanaofanya hivyo Marekani, Uingereza na kwingineko, na kwa kuwa siku hizi minada hufanyika kwenye intaneti, hata sisi wa Nairobi tunaweza kuwatazama wakipandishiana bei. Hata hivyo, makala haya sikuyaandika kwa ajili ya matajiri wa mbali. Nimeyaandika kwa sababu ya swali nililoletewa na mama mmoja wa mtaa wa Buruburu.

Mama huyo alinunua rundo la vitabu vya watoto na vichezea vya mitumba katika soko la Toi. Chini ya rundo alikuta kijisanduku cha kadibodi chenye picha ya binti mfalme wa Sleeping Beauty akicheza densi msituni. Kifuniko kinasema ndani mna karatasi 20 za kuandikia barua na bahasha 20. Zilizobaki ni karatasi 13 safi na bahasha 16. Karatasi ya kumi na nne ina maandishi ya penseli. Mtoto fulani alianza kumwandikia shangazi yake kwa Kiingereza kumshukuru kwa zawadi, akaishia katikati ya sentensi.

Sasa nyumba imegawanyika. Mwanawe wa kidato cha tatu anataka kijisanduku kiuzwe kwenye intaneti, na amemshauri mama afute yale maandishi ili karatasi ionekane mpya. Binti yake wa miaka tisa anataka karatasi hizo amwandikie nyanya yake aliyeko Kitui. Mama mwenyewe angependa kukiweka kijisanduku kabatini, kisiguswe na mtu. "Nimsikilize nani?" aliniuliza.

Ili tumjibu vyema, hatuna budi kuanzia mbali kidogo.

Dola 300 za hotelini

Wengi hudhani kwamba biashara ya kuuza vitu vyenye picha za Walt Disney ilianza na wanasesere, saa au fulana. Sivyo. Ilianza na karatasi ya shule. Mwaka 1929, mwaka mmoja tu baada ya Mickey Mouse kuonekana katika majumba ya sinema, mtu mmoja alimwendea Disney katika hoteli jijini New York akamwahidi dola 300 iwapo angemruhusu kuchapisha picha ya panya huyo kwenye madaftari ya watoto. Disney alikuwa na haja ya pesa, akakubali. Biashara ambayo leo ina thamani ya mabilioni ya dola ilizaliwa hivyo, juu ya daftari la mtoto wa shule.

Mwaka 1932 Disney alimwajiri mfanyabiashara aliyeitwa Kay Kamen asimamie utoaji wa leseni. Kamen alikuwa bingwa wa kazi hiyo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1949. Mwaka huo huo wa 1932 kampuni ya kadi ya Hall Brothers, ambayo sasa tunaijua kwa jina la Hallmark, ilipata ruhusa ya kutumia picha za Disney. Kampuni ya penseli ya Joseph Dixon nayo ikawa inatengeneza visanduku vya penseli vya Mickey Mouse, ambavyo wakusanyaji wa leo huvitafuta kama dhahabu.

Kisha ikaja Snow White and the Seven Dwarfs. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Hadithi yenyewe haikuwa mpya. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walikuwa wameichapisha tangu mwaka 1812, nao waliipata kwa watu waliokuwa wakiisimulia, kama nyanya zetu walivyotusimulia ngano za Sungura na Fisi. Kipya kilikuwa filamu ndefu ya vibonzo, kazi iliyogharimu takriban dola milioni 1.5 wakati ambapo wengi waliamini hakuna mtu mzima angeketi zaidi ya saa nzima kutazama michoro. Waliketi. Mwaka 1939 Disney alitunukiwa tuzo ya Oscar ya heshima kwa filamu hiyo, sanamu moja kubwa na nyingine saba ndogo.

Kamen hakungoja filamu ipate sifa ndipo atafute wateja. Bidhaa za Snow White zilikuwa madukani tayari filamu ilipoanza kuzunguka Marekani mapema mwaka 1938. Miongoni mwake zilikuwamo kadi za Siku ya Wapendanao, nyingine zikiwa na vipande vinavyosogea, ukivuta karatasi kibeti anainua mkono. Huko Uingereza, kampuni ya Valentine & Sons ya mjini Dundee ilitoa postikadi za vibeti hao.

Cinderella ilifuata Februari 1950, wakati studio ya Disney ilikuwa imelemewa na madeni ya zaidi ya dola milioni 4, nayo ndiyo iliyoiokoa. Sleeping Beauty ilitoka Januari 1959 baada ya kumeza dola milioni 6. Aliyebuni mandhari ya filamu hii ya mwisho, ile misitu yenye miti iliyonyooka kama nguzo, ni mchoraji Eyvind Earle. Wapenzi wa karatasi humheshimu Earle kwa sababu nyingine pia: katika maisha yake alibuni kadi za Krismasi zaidi ya 800. Kwa hivyo ukiona picha ya Sleeping Beauty kwenye bahasha, jua kwamba mkono uliobuni mandhari yake ulizoea karatasi ya posta.

Filamu mfukoni

Kwa nini watoto wa enzi hizo walivipenda vitu hivi kiasi hicho? Msomaji wa leo, ambaye mwanawe hutazama filamu ile ile mara nne kwa siku kwenye simu, huenda asielewe kwa urahisi. Zamani filamu ilikuja mjini, ikakaa majuma machache, ikaondoka. Mtoto wa Marekani aliyeitazama Snow White mwaka 1938 hakuiona tena katika sinema za mtaani hadi iliporudishwa mwaka 1944, na baada ya hapo akangoja hadi 1952. Kanda za video za kununua zilichelewa mno: Sleeping Beauty ilitolewa mwaka 1986, Cinderella mwaka 1988, na Snow White yenyewe mwaka 1994.

Katika miaka hiyo yote ya kungoja, mtoto alibaki na nini? Alibaki na kisanduku cha penseli, daftari na karatasi zake za barua. Hiyo ndiyo iliyokuwa filamu yake ya mfukoni. Alikuwa akifungua kisanduku asubuhi darasani, akamwona kibeti, akakumbuka wimbo na giza la ukumbi wa sinema. Ndiyo maana mtu wa miaka 70 anaweza kutoa pesa nyingi kwa kipande cha kadibodi kilichobonyea.

Kupatikana kwake nako si rahisi. Sarafu hutengenezwa idumu. Stempu, watu walianza kuihifadhi tangu siku zake za mwanzo. Lakini karatasi ya barua hutengenezwa iishe. Daftari likijaa hutupwa, penseli huchongwa ikamalizika, bahasha hupasuliwa na anayeipokea. Isitoshe, vita vya pili vya dunia vilizuka muda mfupi baada ya Snow White kutoka. Uingereza iligawa karatasi kwa vipimo kuanzia mwaka 1940, na Marekani watoto wenyewe walitumwa nyumba kwa nyumba kukusanya karatasi kuukuu zipelekwe viwandani. Ni nani ajuaye ni vibeti wangapi waliogeuzwa maboksi ya risasi?

Upelelezi wa umri

Sasa tukirudie kijisanduku cha Buruburu. Umri wake tutaujuaje? Mkusanyaji mzuri ni mpelelezi, na ushahidi wake huwa ni maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi.

Kwanza, tazama jina la mwenye hakimiliki. Vitu vya miaka ya 1930 kwa kawaida huandikwa "Walt Disney Enterprises", mara nyingine kwa kifupi. Kuanzia mwisho wa miaka hiyo jina likawa "Walt Disney Productions", nalo likatumika hadi mwaka 1986 kampuni ilipobadili jina na kuwa The Walt Disney Company. Kijisanduku chetu kina jina la "Walt Disney Productions". Lakini tahadhari: mwaka unaoandikwa kando ya alama ya hakimiliki ni mwaka wa mchoro, si lazima uwe mwaka wa kuchapishwa. Wengi wameumia hapo.

Pili, tazama anwani na alama. Marekani ilianza kutumia nambari za posta za tarakimu tano mwaka 1963, kwa hivyo anwani yenye nambari hizo haiwezi kuwa ya mwaka 1950. Zile mistari nyeusi za kusomwa na mashine dukani zilianza kutumika mwaka 1974. Kadi yenye jina la Hall Brothers ni ya kabla ya kampuni hiyo kuwa Hallmark mwaka 1954. Na bidhaa iliyoandikwa kwamba imetengenezwa katika "Japani iliyokaliwa" ni ya miaka ya 1945 hadi 1952, wakati majeshi ya Marekani na washirika wake yalikuwa yakiitawala nchi hiyo.

Tatu, tazama majina ya wahusika. Katika kitabu cha akina Grimm vibeti saba hawana majina. Ukiona wameitwa Dopey, Grumpy na wenzao, hao ni wa filamu. Panya Jaq na Gus ni wa Cinderella ya mwaka 1950, na jina la mchawi Maleficent lilikuja na filamu ya 1959. Jina Aurora pekee halitoshi kuwa ushahidi, kwani tayari lilikuwamo katika densi ya Tchaikovsky ya mwaka 1890.

Nne, tazama bei. Hapa ndipo kijisanduku cha Buruburu kilipojisema chenyewe. Upande wa chini kina kibandiko kilichofifia kilichoandikwa 4/11. Kijana wa kidato cha tatu aliisoma kuwa shilingi nne na senti kumi na moja, kama bei za zamani za hapa kwetu. Lakini duka gani la hapa lingetoza senti kumi na moja? Shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, kwa hivyo 4/11 ni shilingi tano kasoro peni moja, ujanja ule ule wa duka la leo kuandika 99 ili usione mia. Waingereza waliacha hesabu hiyo tarehe 15 Februari 1971. Basi kijisanduku kiliuzwa Uingereza baada ya filamu kutoka mwaka 1959 na kabla ya Februari 1971. Kina zaidi ya nusu karne.

Jihadhari na bandia

Filamu hizi zinaporudi kwa sura mpya, kama Cinderella ya mwaka 2015 na Snow White ya mwaka 2025 zilizoigizwa na watu, viwanda hutoa vifaa vipya vyenye michoro ya kizamani. Hivyo si bandia, ni vipya tu, ila muuzaji mwerevu anaweza kuvipaka chai na kuvizeesha. Wengine huchapa nakala nyumbani kwa kompyuta.

Chukua kioo cha kukuzia. Picha za rangi za viwandani aghalabu huonyesha vitone vilivyopangwa kwa utaratibu, kama shanga. Mashine ya nyumbani ya wino hurusha vitone ovyo ovyo, kama mate ya mtu anayepiga chafya. Kisha omba dakika moja ya ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti. Kuanzia takriban mwaka 1950 viwanda vilianza kutia karatasi dawa ya kuing'arisha, nayo huwaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo. Ukiuziwa postikadi ya Snow White "ya mwaka 1938" ikawaka kama shati jeupe kwenye disko, funga pochi yako uende zako.

Adui ni wengi

Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa miti iliyosagwa, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho lignini ambacho mwanga na hewa hukigeuza kuwa cha manjano. Ongeza asidi iliyokuwa ikitumika kiwandani, na baada ya miaka karatasi huvunjika kama chapati kavu. Hauwezi kuyarudisha maji yaliyomwagika, lakini unaweza kupunguza mwendo wa uharibifu.

Weka vitu vyako mahali penye giza, pakavu na pasipo na joto. Juu ya kabati lililo chini ya mabati si mahali pake. Walio Mombasa na Lamu wajihadhari zaidi na unyevu, kwa kuwa kuvu huanza kimya kimya. Usitumie utepe wa gundi, kwani huacha doa la kahawia. Ondoa pini na vibanio vya chuma kabla havijapata kutu. Mipira ya kufungia nayo huyeyuka ikagandamana na karatasi. Mifuko laini ya plastiki ya PVC ina madhara. Tafuta ya poliesta au karatasi isiyo na asidi inayouzwa kwa wahifadhi wa nyaraka na picha. Vifutio vya zamani vitenge peke yake, maana vina mafuta yanayoyeyusha plastiki na kutia madoa. Na kagua mara kwa mara kama kuna mende, mchwa na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyopenda gundi na wanga.

Nimsikilize nani?

Sasa tutoe hukumu. Katika soko la wakusanyaji, sheria ni moja na ni katili: kisichoguswa ndicho ghali. Sanduku kamili, lisilofunguliwa, lenye karatasi zote 20 na bahasha zote 20, lina bei yake. Likipungukiwa karatasi moja, bei huanguka, na likipungukiwa sita huanguka zaidi. Kama mama wa Buruburu angekuta sanduku kamili, ningemwambia asilifungue, hata kama binti angelia.

Lakini yeye hakukuta hilo. Kijisanduku chake kilikwisha kupoteza ukamilifu wake mikononi mwa mtoto wa Kiingereza aliyekuwa na shangazi mkarimu. Hebu piga hesabu: karatasi sita hazipo, bahasha nne hazipo. Ama aliandika barua ndefu za kurasa mbili, ama aliharibu karatasi mbili akazikunja na kuzitupa. Ya saba aliianza, akaitwa akale au akacheze, asirudi tena. Hayo yote tunayajua kwa kuhesabu tu. Sanduku kamili lisingetuambia lolote zaidi ya bei.

Kwa hivyo shauri la kijana la kufuta penseli nalikataa kabisa. Kifutio kitakwangua uso wa karatasi na kuacha alama ambazo mnunuzi yeyote mwenye lenzi ataziona, kwa hiyo hata kibiashara ni hasara. Zaidi ya hapo, mistari ile minne ndiyo kitu pekee ndani ya kisanduku ambacho hakina pacha popote duniani. Picha ya binti mfalme ilichapishwa kwa wingi. Shukrani za mtoto yule zimeandikwa mara moja tu.

Shauri la mama la kuficha kila kitu kabatini ni la busara nusu. Na la binti? Ningempa karatasi kumi na bahasha kumi. Zibaki karatasi tatu safi, bahasha sita, kifuniko, kibandiko cha bei na ile barua isiyokwisha. Kabla ya hapo kijana apige picha za kila kitu kwa simu yake, ili ujuzi wake wa intaneti upate kazi nzuri.

Sikatai kwamba kuna pesa zitakazopotea. Mkusanyaji wa London angelia akisikia. Lakini kijisanduku ambacho hakikamiliki si kitu cha kusomesha mtoto chuo kikuu, na anayekiuza kutoka Nairobi lazima alipe posta na ada za mnada kabla hajaona faida. Kwa upande mwingine, kuna nyanya Kitui ambaye hupokea simu kila wiki na hajapata barua kwa miaka. Simu ikikatwa hubaki nini mkononi? Barua ya mjukuu ataiweka chini ya mto, ataitoa mgeni akija, na atakapoondoka duniani itakutwa katika kasha lake pamoja na vitambulisho na picha za harusi. Karatasi iliyotengenezwa Ulaya au kwingineko itakuwa imepata kazi iliyoumbiwa, na nyumba hiyo itakuwa na kumbukumbu isiyouzwa dukani.

Binti na aandike kwa kalamu isiyomwaga wino, aweke tarehe kamili juu, na jina lake lote chini. Wajukuu wa wajukuu hawatajua "mimi wako mpendwa" alikuwa nani.

Kwa wanaotaka kuanza

Wanafunzi wengi huniuliza kama uraibu huu unahitaji pesa nyingi. Hauhitaji, mradi usianze na mwaka 1938. Pitia vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara za katikati ya Nairobi, vile ambavyo wenyewe huviita "Inama". Ndani ya vitabu vya watoto vilivyotoka Uingereza na Marekani wakati mwingine hukutwa postikadi, kadi za siku ya kuzaliwa na vibandiko vilivyotumika kama alama ya ukurasa. Tikisa kitabu kabla hujakilipia. Ukitazama bei kwenye minada ya intaneti, usisome bei anayoomba muuzaji. Tafuta bei ambayo kitu kama hicho kiliuzwa kweli. Kuomba si kupata.

Chagua filamu moja, au aina moja ya kitu. Anayekusanya kila kitu huishia na takataka. Na kila unachopata, andika kwa penseli kwenye bahasha unayokihifadhia, wala si kwenye kitu chenyewe: ulikipata lini, wapi, kwa nani na kwa shilingi ngapi.

Mama wa Buruburu ameniahidi kwamba barua ya kwanza itapelekwa posta juma hili. Stempu ni juu ya kijana.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.